Debe la Mama Mkwe

Södertälje, Uswidi, 10 Machi 1974

Mama mpendwa,

Shikamoo. Sisi huku wazima, na mjukuu wako Domina ananyonya kama mtu aliyeambiwa maziwa yatakwisha kesho. Ameanza kutabasamu. Okech anasema ni gesi tumboni, mimi nasema ni tabasamu, na mwenye mtoto ni mimi.

Mama, uliondoka vibaya. Ulikuja ukae mpaka Pasaka, ukaondoka Domina hajatimiza hata arobaini. Pale uwanja wa ndege wa Arlanda ulinikumbatia, ukambusu mtoto, na Okech aliyekuwa amesimama kule kwenye mikokoteni ya mizigo hukumtupia jicho. Najua kwao mkwe hasogei karibu na mama mkwe, lakini hata kumpungia mkono kwa mbali?

Habari za siku ile niliyojifungua nimemuuliza mpaka nimechoka. Anasema injini iliganda kwa baridi, basi. Nikimuuliza kwa nini hamkupanda treni, na kituo tunakiona dirishani, anaangalia viatu vyake. Unajua jinsi nilivyolazwa katika hospitali ile kubwa ya Stockholm kabla ya wakati, kwa sababu ya yule wa kwanza aliyetutoka. Kila asubuhi niliwaambia manesi: mama yangu yuko njiani, mama yangu ni mkunga, mtamwona. Saa yenyewe ilipofika nikashika mkono wa nesi ambaye hata jina lake sikulijua. Baadaye niliona haya kuwatazama. Nilikuwa kama mtu aliyejibunia mama.

Niambie wewe kilichotokea. Yeye hasemi.

Mwanao,
Gaudiosa


Kamachumu, 2 Aprili 1974

Mwanangu Gaudiosa,

Marahaba. Picha ya mtoto imezunguka kijiji kizima na imerudi na alama za vidole vya kila mtu.

Umeniuliza, basi nitasema, ingawa sipendi kumsema mumeo. Asubuhi ile alikuja akaniita kupitia kile kitundu cha barua mlangoni. Ndiyo ilikuwa kawaida yake, maana tangu nifike alikuwa akilala kwa rafiki yake Wanjohi ili asilale chini ya paa moja na mkwe. Hiyo ni mila yao, nikavumilia. Akasema hospitali wamepiga simu, uchungu umeanza, twende. Akaniomba nimtolee debe la petroli kwenye roshani ya chumba nilicholala, kwa sababu siku zile petroli ilikuwa ya kuponi na gari lilikuwa karibu kukauka. Nikalitoa, nikaliweka nje ya mlango, nikavaa makoti yako mawili, nikashuka na kukaa kiti cha nyuma.

Hatukufika mbali. Gari lilianza kukohoa, likatoa moshi mweupe, likafa kando ya barabara kuu, theluji kila upande. Sasa sikiliza. Mumeo alitoka akasimama mbele ya gari, amenipa mgongo, na hakurudi ndani. Katika baridi ile! Nikagonga kioo. Nikamwita. Hakugeuka. Baadaye lori likasimama. Akanipakia kwa dereva nisiyemjua wala asiyenijua, akanipa kikaratasi chenye jina la hospitali, yeye akabaki. Nafasi ya mtu wa tatu ilikuwepo, niliiona kwa macho yangu.

Dereva alikuwa mtu mwema, lakini alinishusha kwenye mlango alioujua yeye. Nikakalishwa kwenye korido ya wagonjwa wa macho. Mimi nasema Gaudiosa, Gaudiosa, wao wanatabasamu na kuniletea kahawa. Mpaka mmoja alipopata akili ya kuuliza wodi ya wazazi, wewe ulikuwa umekwisha kujifungua na umelala.

Niliporudi kwenu nikakuta jiko la mafuta ya taa limeondolewa chumbani kwangu. Lile alilolinunua mwenyewe, serikali ilipopunguza joto majumbani. Hapo nikaelewa. Mtu akikuchukia, hata moto anakunyima. Nikaona nisingoje kufukuzwa kwa maneno.

Kama umechoka, njoo nyumbani na mtoto. Chumba chako kipo.

Mama yako,
Leokadia


Södertälje, 28 Aprili 1974

Kwa Mama Leokadia, kwa heshima zote,

Ni mimi Okech. Kwetu Siaya sijasikia mtu aliyemwandikia mama mkwe wake barua, na nimechana karatasi nyingi kabla ya hii. Lakini karatasi haina macho, kwa hiyo najaribu. Utanisamehe Kiswahili changu. Gaudiosa husema nakizungumza kama mtu anayepakua magunia.

Amenisomea barua yako yote, hakuruka neno. Mama, mimi sikukukasirikia. Naomba uniamini kwanza hapo.

Kwetu mama mkwe hapewi mkono, huli naye, huketi naye mahali pamoja. Ndiyo sababu hatukupanda treni. Viti vya treni vinatazamana, na magoti yangu yangekuwa karibu na yako njia nzima mpaka Stockholm. Nikaona gari ni afadhali, utakuwa nyuma yangu. Hata kile kioo cha dereva nilikigeuza juu ili nisikutane na uso wako. Gari likitembea, mimi ni dereva, nina kazi. Likisimama, mimi ni mwanamume aliyefungiwa ndani ya sanduku moja na mama mkwe wake. Nikatoka. Ulipogonga kioo nilisikia. Niliona aibu kugeuka, na kadiri nilivyochelewa kugeuka ndivyo aibu ilivyozidi. Kwenye lori tungebanana bega kwa bega. Sikuweza.

Jiko nilimwomba Muthoni, mke wa Wanjohi, alitoe pamoja na debe. Ilikuwa kwa usalama tu. Nilipaswa kukueleza, lakini ningekueleza vipi, kupitia kitundu cha barua?

Injini iliganda. Wakati wa baridi hutokea.

Domina anakusalimu kwa kelele.

Mkwe wako,
Okech


Kamachumu, 20 Mei 1974

Mkwe wangu Okech,

Barua yako nimeisoma nimekaa, nikasimama, nikakaa tena. Kwetu pia heshima ya mkwe ipo, lakini haijawahi kumsimamisha mtu kwenye theluji. Hata hivyo nimekuelewa, na nimeona haya kwa yale niliyomwandikia mwanangu juu yako.

Lakini kuna jambo limenikaa kooni. Unasema Muthoni alitoa jiko pamoja na debe, kwa usalama. Usalama gani? Roshani ilikuwa na madebe mawili yanayofanana kama mapacha, la petroli upande wa ukutani na la mafuta ya taa karibu na mlango. Wewe uliniomba la ukutani, na la ukutani ndilo nililokupa. Sasa nimekumbuka kwamba siku moja kabla niliyasogeza nifagie theluji, maana siwezi kukaa kwa mwanangu kama mgeni wa serikali. Kisha nikayarudisha. Nadhani niliyabadilisha nafasi. Nilikuwa na mafua, nisingenusa hata samaki aliyeoza.

Jiko na mafuta yake si hatari. Nimepikia mafuta ya taa maisha yangu yote. Hatari ni kama debe lililobaki lilikuwa la petroli, na mimi jioni ningeijaza petroli ile kwenye jiko na kuwasha kiberiti.

Na la pili. Kaka yangu Severin anaendesha lori la misheni. Likizimika, kabla hajasema neno amekwisha kufungua boneti, hata kama hajui anatafuta nini humo ndani. Wewe unaunda injini za malori, na siku ile hukugusa boneti. Ulisimama tu. Mtu anayesimama hivyo anajua gari lina nini.

Nilikupa debe lisilo lake? Na wewe ulijua lini?

Kabla hujajibu, nikuambie aibu yangu ili usibaki peke yako. Wanawake wa hapa wameniuliza mjukuu wangu alipokelewaje. Karibu wote nimewazalisha mimi. Nikawaambia nilimpokea kwa mikono yangu hii. Nikawaelezea hata alivyolia. Tangu hapo nikiwaona njiani nafanya haraka.

Leokadia


Södertälje, 12 Juni 1974

Mama,

Ndiyo. Lilikuwa debe la mafuta ya taa.

Nilijua nilipofungua kifuniko. Nani kati yetu asiyeijua harufu ile? Mitihani yangu yote ya shule niliisomea ndani ya harufu ile. Nilisimama pale chini na debe mkononi, nikatazama juu dirishani nikakuona unavaa koti. Ilinipasa kupanda ngazi, niite mlangoni, niseme: Mama, umekosea, siyo hili. Nikayajaribu maneno kinywani. Mama, hili silo. Mama, labda lile lingine. Mama, samahani. Kila nilivyoyageuza yalikuwa ni kumrudishia mama mkwe kitu alichonipa kwa mkono wake. Kwetu hata chakula alichopika mama mkwe kikiwa na chumvi mara tatu, unakimaliza na unashukuru.

Nikajiambia petroli kidogo bado imo, vitachanganyika, tutafika. Lakini nazijua injini, Mama. Gari lile lilikuwa na safari ya kwenda kufa njiani, na nilijua hivyo wakati namimina. Nikamimina mpaka tone la mwisho.

Gaudiosa sijamwambia. Nilisema injini iliganda ili lawama isikufikie wewe. Kisha uongo ukanizoea. Sasa akinitazama mezani nahisi harufu ya mafuta ya taa mikononi mwangu, nanawa, nanawa tena, yeye anauliza una nini, nasema sina kitu.

Nimeona aibu ya kutosha kuwagawia watu wote wa Södertälje.

Okech


Kamachumu, 3 Julai 1974

Okech,

Leo hakuna salamu. Nimekasirika na nataka ujue.

Debe nililikosea mimi. Hilo ni langu, na leo hii nimemwandikia Gaudiosa nikamwambia kila kitu, langu na lako. Wanawake wa hapa pia nimewaambia kwamba niliwadanganya, sikumpokea mtoto, nilikuwa nakunywa kahawa na vipofu. Mmoja alicheka mpaka akakaa chini. Sitausahau uso wake, lakini nimesema.

Sasa wewe. Upande huu alikuwapo mwanangu na uchungu wake, peke yake, ugenini, akikumbuka aliyezikwa kabla. Upande ule nilikuwapo mimi na neno moja dogo, umekosea. Ukaona bora mwanangu azae peke yake kuliko mimi nisikie neno hilo. Nani alikuambia naitaka heshima ya namna hiyo? Nilipanda ndege tatu kuja kumshika mkono mwanangu. Ungenitukana pale mlangoni, ningefika! Ningefika nimenuna, lakini ningefika. Umeniheshimu mpaka ukaniibia kuzaliwa kwa mjukuu wangu.

Na bado unaendelea. Gaudiosa aliniandikia mwezi uliopita kwamba anataka kurudi nyumbani na Domina, si kwa likizo, arudi kabisa. Anasema alikuuliza unaonaje, nawe ukamjibu, "Kama Mama atakavyoona." Mume mzima! Basi mimi naona hivi: arudi. Naagiza. Mwisho wa Septemba Severin atawangoja Mwanza.

Unasemaje?

Leokadia


Södertälje, 25 Julai 1974

Mama Leokadia,

Hapana.

Nimeliandika neno hilo, nikaenda kunywa maji, nikarudi na kulikuta bado lipo. Kwa hiyo naendelea.

Mama, katika jambo hili umekosea. Asirudi. Barua yako ilipofika, Gaudiosa aliniuliza swali moja tu: "Ulinusa?" Nikasema ndiyo. Tangu siku ile ananiambia maneno ya mtoto peke yake: mtoto amekula, mtoto ana joto, mshike mtoto. Sanduku lake limetoka juu ya kabati. Silaumu. Lakini sitaki aende.

Nikitoka kiwandani Domina hunisikia kwenye ngazi na huanza kupiga miguu kabla sijafungua mlango. Sitaki anijue kwa picha. Na Gaudiosa, Mama, huyo sijui hata nikuandikie nini bila kukuvunjia heshima. Usiku huu wa kiangazi usioingia giza namwona amelala amenigeuzia mgongo, nami nakaa macho nikitunga maneno.

Usimtume Severin Mwanza. Naomba, na kama kuomba hakutoshi, nakataza.

Mkwe wako, ukipenda,
Okech


Kamachumu, 12 Agosti 1974

Mkwe wangu,

Hapana yako nimeipokea. Ilinichoma, sitakuficha. Tangu afe baba yake Gaudiosa hakuna aliyenikatalia kitu ndani ya nyumba hii. Nilizunguka nayo mchana kutwa, nikampigia kelele mbuzi asiye na kosa. Jioni nikajikuta nacheka.

Lakini mbona umeileta Kamachumu? Imepanda ndege, imelala posta ya Bukoba, imebebwa kwenye kikapu na Severin, ije kuniambia mimi jambo ambalo mwanangu analingojea upande wa pili wa kitanda. Mimi si mke wako. Niliagiza arudi nione kama utasema. Umesema, ila umesemea mbali, kama ulivyozoea.

Mimi unizunguke unavyotaka, unigeuzie kioo, unisemeshe kwa kitundu. Nimezoea, nami nitakuja tena hivyohivyo. Lakini hakuna mila kwenu wala kwetu inayomkataza mume kumtazama mkewe machoni. Barua hii ukishaisoma usinijibu. Nenda pale alipo.

Leokadia


Södertälje, 1 Septemba 1974

Mama mpendwa,

Shikamoo. Nimesoma barua uliyomwandikia Okech, lakini baadaye. Kwanza aliisoma yeye peke yake, amesimama kwenye korido na viatu vyake vya kazi miguuni. Mimi nilikuwa jikoni nachemsha chupa za mtoto. Akaja na viatu vilevile mpaka mbele ya jiko, akanitazama. Nilidhani amefukuzwa kazi.

Akasema, "Gaudiosa, usiende."

Nikamwambia Mama ameshaagiza. Akasema, "Mama amekosea. Na mimi nilikosea kuliko Mama. Nilinusa, nikamimina, na wewe ukabaki peke yako." Nikamwambia hayo nayajua, nimeyasoma kwa mwandiko wa mama yangu, na yeye aliyekuwa analala pembeni yangu miezi yote hiyo hakuyasema. Nikamwambia mambo mengine, Mama, ambayo sitayaandika. Nilimwambia mkono wa yule nesi ulikuwa na pete iliyoniumiza kidole na sikuuachia, kwa sababu hapakuwa na mwingine. Alilia. Nikamwambia machozi yake hayanisaidii, Septemba ikiisha ninaondoka.

Nilingoja aseme, "Kama utakavyoona wewe." Namjua. Miaka minne hatujawahi kugombana, nami nikiwaambia rafiki zangu kwamba nimeolewa na mtu mpole. Badala yake akapiga meza, kifuniko cha sufuria kikaruka, akasema, "Hapana! Huendi!" Nami nikapaza sauti, naye akapaza, Kijaluo chake na Kihaya changu vikaingia humohumo, jirani akagonga ukuta, Domina akaamka. Tuligombana mpaka maji ya chupa yakakauka jikoni.

Sijamsamehe bado. Nikisema nimesamehe nitakuwa nadanganya, na katika familia hii tumedanganyana vya kutosha. Kila siku tangu siku ile ananiambia tena nisiende, saa nyingine tukiwa dukani mbele ya watu, na mimi namjibu nitafikiri. Usimtume Mjomba Severin Mwanza kwanza.

Kuna jambo moja nakuandikia wewe tu, na naona haya kuliandika, mimi mtu mzima mwenye mtoto. Alipopiga meza na kunikatalia, nami namfokea kwa nguvu zangu zote, moyoni nilikuwa namwomba aseme tena.

Mwanao,
Gaudiosa